Kutoka Kusafisha Filamu hadi Kuhariri Picha: Historia na Istilahi

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kilivyojipatia maneno ya ufundi wa kupiga picha. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba mfasiri wa programu za kompyuta za kuhariri picha hana budi kwanza kuujua ufundi wa zamani wa chumba cha giza. Asipoujua, atafasiri neno la Kiingereza badala ya kulitaja jambo lenyewe.

Ufundi huu ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839, baada ya Louis Daguerre kufaulu kunasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Nchini Uingereza, William Henry Fox Talbot alikwisha kupata, mwaka 1835, njia ya negativu, yaani picha ambayo penye nuru huonekana peusi na penye giza huonekana peupe, na ambayo kwayo nakala nyingi huweza kutolewa. Pwani yetu haikukawia kuuona ufundi huo. James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kabla ya kwenda bara pamoja na John Hanning Speke. Baadaye Wagoa na Wahindi walifungua studio mijini. Mfano ni Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930.

Kiswahili kiliupokea ufundi huu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukopa: picha, kamera, filamu, lenzi, studio. Maneno sura, sanamu na taswira yalikuwako, lakini kila moja lilikuwa na mzigo wake. Leo sanamu aghalabu ni kitu cha kuchongwa, na taswira ni ya fikra na ushairi. Njia ya pili ni kutumia kitenzi kupiga, ambacho tangu hapo kiliandamana na vyombo: kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga mhuri. Njia ya tatu ni kuiita kazi kwa kitendo kinachoonekana, na hapa ndipo tulipopata kusafisha.

Filamu ilitiwa katika dawa ya kuidhihirisha sura, kisha katika dawa ya kuithibitisha isiharibiwe na nuru, na mwisho ikaoshwa kwa maji. Mafundi na wateja wakaiita kazi yote kusafisha. Katika Kihindi pia husemwa kwamba picha huoshwa. Na tukikumbuka wenye studio walikuwa nani, mfanano huu wastahili uchunguzi.

Picha za kompyuta zilianza mwaka 1957, Russell Kirsch wa Marekani alipoingiza katika kompyuta picha ya mwanawe, yenye nukta 176 kwa 176. Nukta hizo ndizo tuziitazo pikseli, neno lililoonekana katika maandishi mwaka 1965. Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera isiyotumia filamu, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja katika kanda ya kaseti. Programu ya Photoshop ilitolewa mwaka 1990, na waundaji wake wakavipa baadhi ya vifaa vyake majina ya chumba cha giza.

Hapo ndipo penye mtego. Katika programu ya Lightroom, iliyotolewa mwaka 2007, sehemu ya kurekebishia picha ina jina la Kiingereza ambalo mfasiri wa haraka ataliandika "kuendeleza". Jambo lenyewe ni lile lile ambalo Waswahili waliliita kusafisha. Kadhalika kiko kifaa ambacho jina lake hufasirika "kuchoma". Chumbani, fundi aliongeza nuru juu ya sehemu moja ya karatasi, na sehemu hiyo ikawa nyeusi zaidi. Tukiandika "kuongeza nuru", mtumiaji wa leo atatazamia weupe na kupata weusi. Yafaa basi kutaja matokeo: kukoleza sehemu, na kinyume chake, kuangaza sehemu.

Suala lenye uzito zaidi ni kuhariri. Neno hili limetoka katika vyumba vya magazeti na limebeba maana ya uangalifu. Hata hivyo picha zilighushiwa kabla ya kompyuta: katika Urusi ya Kisovieti, Nikolai Yezhov alifutwa katika picha aliyopigwa pamoja na Stalin. Kurekebisha mwanga na kumfuta mtu haviwezi kuwa na jina moja. Karani akiandika katika fomu kwamba inatakiwa "picha isiyohaririwa", atakuwa amekataza hata kupunguza kingo ili picha itimize kipimo kilichowekwa. Twapendekeza kuhariri kuwe neno la jumla. Kurekebisha kuhusu nuru, rangi na kingo. Kughushi kuhusu kubadili yaliyomo kwa nia ya kudanganya. Fomu na iseme wazi: "picha ambayo sura ya mhusika haikubadilishwa".

Kwa kumalizia, wapiga picha waliofanya kazi katika vyumba vya giza wanazidi kuzeeka, na misamiati yao haijakusanywa ipasavyo. Walimu na wafasiri walio karibu nao wawaulize kila dawa, kila chombo na kila kosa la kazi liliitwaje. Istilahi tunayoihangaikia mezani huenda imekwisha kutamkwa miaka mingi nyuma ya pazia jeusi la studio.