Gari za spoti za zamani: kwa nini zingine zinapanda bei

Wakaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia wanajua hesabu hii: gari yenye ulinunua mwaka jana, mwaka huu utaiuzisha bei ya chini. Miaka michache kiisha itaishia kazi ya taxi, ao itafunguliwa kwa kuuzisha pyesi moja moja. Lakini kuna gari chache zenye zimekataa hesabu hiyo. Nissan Skyline GT-R ya mwaka wa 1999 iliuzishwa mpya Japani karibu yen milioni 5, maana yake kadiri ya dola 45,000 za wakati ule. Leo, ikiwa imechungwa vizuri, inapita dola 100,000, na zenye zilitoka kwa hesabu ndogo zinaenda mbali zaidi.

Habari hiyo ni ya Japani na Marekani, lakini inagusa huku mashariki pia. Gari nyingi zenye volani ya kuume zenye zinatembea katika miji yetu zilitoka kwenye minada ile ile ya Japani, zikapita Mombasa ao Dar es Salaam. Na mtu akisikia kwamba gari ya zamani ya Kijapani inauzishwa bei ya nyumba, ni rahisi muuzaji kumwambia kwamba na ile iko mbele yake ni ya namna hiyo.

Gari yenye ilitengenezwa juu ya mashindano

Skyline ni jina la zamani katika kiwanda cha Nissan, na nyingi zilikuwa gari za kawaida za familia. GT-R ni tawi dogo la jina hilo. Ile yenye ilianzisha habari ya leo inaitwa R32, ilitoka mwezi wa 8 mwaka wa 1989. Nissan walitaka kushinda mashindano ya Group A, yenye masharti yake yalilazimisha kiwanda kutengeneza kwanza gari 5,000 za namna ile ile kwa raia. Ndiyo maana mtu wa kawaida Japani aliweza kununua gari yenye kweli ilikuwa ya mbio.

Moteri yake inaitwa RB26DETT: silinda sita, lita 2.6, turbo mbili, na bloki ya chuma kizito yenye inavumilia kupita vile karatasi ilisema. Karatasi yenyewe iliandika farasi 280. Hapo wajuzi wanacheka, juu viwanda vya Japani vilikuwa vimepatana kutoandika kupita hesabu hiyo, na walioipima moteri walikuta nguvu zaidi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yalikuwa yanasukuma. Yakianza kuteleza, mashine inatuma nguvu mbele pia.

Katika mashindano ya Japani, tangu 1990 mpaka 1993, R32 ilishinda mbio zote 29 zenye ilifanya. Ilienda Australia, ikashinda mbio kubwa ya Bathurst mwaka wa 1991 na 1992. Wenyeji hawakufurahi, na mwaka wa 1993 masharti mapya hayakuiachia tena nafasi. Waandishi wa Australia ndio walishaipa jina la Godzilla, yule mnyama mkubwa wa filme za Kijapani, na jina likabaki.

R33 ilifuata mwaka wa 1995, kiisha R34 tangu mwezi wa kwanza 1999 mpaka mwezi wa 8 mwaka wa 2002. Za R32 GT-R zilitengenezwa karibu 44,000. Za R34 GT-R hazikufika 12,000. Tofauti hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya bei. Mwaka wa 2002, mbele ya kufunga, Nissan walitoa R34 za mwisho zenye jina la Nür, kadiri ya 1,000, na hizo ndizo matajiri wanagombania.

Sheria ya miaka 25

Kumbe hata hivyo, kwa miaka mingi GT-R haikuwa na bei ya kushangaza. Karibu na mwaka wa 2010 mtu aliweza kupata R32 nzuri Japani bila kufikisha dola 20,000. Chenye kiligeuza mambo ni sheria ya Marekani.

Tangu sheria ya mwaka wa 1988, Marekani haipokei gari yenye haikutengenezwa kufwatana na masharti yake ya usalama, isipokuwa ikiwa imefikisha miaka 25 tangu mwezi yenye ilitoka kiwanda. GT-R za wakati huo hazikuuzishwa Marekani hata siku moja. Mwenye aliingiza yake kwa njia ya kificho alijua kwamba serikali inaweza kuikamata na kuivunja. Basi watu walihesabu miezi. R32 za kwanza zilifunguliwa mlango mwezi wa 8 mwaka wa 2014, R33 mwezi wa kwanza 2020, R34 mwezi wa kwanza 2024.

Bei haikungoja tarehe. Wafanyabiashara walinunua mbele, wakaacha gari zikilala kwenye depo Japani mpaka siku yake ifike. Kanada, yenye sheria yake ni ya miaka 15, ilikuwa imeanza kuzichukua zamani. Kiisha feza ya Japani ikashuka: mwaka wa 2021 dola moja ilikuwa karibu yen 110, na miaka miwili tu mbele ikapita 150. Kwa mwenye dola, gari ya Japani ikawa rahisi. Kwa kijana wa Japani, mwenye gari ni ya inchi yake, ikawa mbali.

Huku Afrika sheria inatembea kinyume kabisa. Kenya inakataa gari yenye imepita miaka 8, isipokuwa zile zenye zinapita tu kwenda inchi zingine. Uganda tangu 2018 inakataa zenye zimepita miaka 15. Umri wenye unafungua mlango kwa Mmarekani ndio unaufunga Mombasa na Kampala. Sheria za Afrika zinaogopa moshi, freni mbovu na kuwa jalala la gari za wengine. Ile ya Marekani inaona kwamba gari ya miaka 25 imekuwa kitu cha kuchunga, si cha kutembelea kila siku.

Watoto wa Playstation

Sheria inafungua mlango, lakini haimlazimishi mtu kutoa feza. Hamu ilitoka kwingine. Mchezo wa video Gran Turismo ulitoka Japani mwezi wa 12 mwaka wa 1997, na ndani yake mtoto wa Texas ao wa Manchester alikutana na gari zenye hajawahi kuona barabarani. Filme The Fast and the Furious ikafuata mwaka wa 2001 na Toyota Supra yake ya rangi ya machungwa, na katika ile ya pili, ya 2003, mchezaji Paul Walker aliendesha R34. Mtoto mwenye alikuwa na miaka 12 wakati huo leo anakaribia 40, ana kazi na ana feza.

Bei ya hamu hiyo ilionekana kwenye minada. Supra ya filme ile iliuzishwa dola 550,000 mwezi wa 6 mwaka wa 2021. R34 ya buluu ya filme ya 2009, Walker akiwa amekufa kwa aksida mwaka wa 2013, ilifika dola 1,357,000 mwaka wa 2023. Hizo ni bei za filme, si za gari. Mwenye kuzitumia kwa kupima Skyline ya jirani anajidanganya.

Mfano wa karibu zaidi na Afrika ni Datsun 240Z. Marekani mwaka wa 1970 ilikuwa inauzishwa dola 3,526. Gari hiyo ilishinda East African Safari mwaka wa 1971 na tena 1973, mashindano yenye yalikuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanzania katika matope na mavumbi yenye wakaaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa. Ule wa 1973 ulishindwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwezi wa kwanza 2020, 240Z moja yenye ilikuwa imetembea kidogo sana iliuzishwa dola 310,000 huko Marekani. Zingine za umri ule ule zinauzishwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Uzee peke yake si mali

Hapo ndipo wengi wanakosea. Mazda MX-5 ilizaliwa mwaka ule ule wa 1989 kama R32. Ni gari nzuri, watu wanaipenda inchi nyingi, na kosa lake lenye linajulikana sana ni kutu. Lakini za kizazi cha kwanza zilitengenezwa zaidi ya 400,000, na mwaka wa 2016 jina hilo lilifikisha milioni moja. Kwa hiyo ya kawaida bado inapatikana kwa bei yenye mtu wa mshahara anaweza. Kule juu kabisa, kinyume: mwezi wa 5 mwaka wa 2022 Mercedes 300 SLR ya 1955 iliuzishwa euro milioni 135, na sababu haihitaji maneno mengi. Zilitengenezwa mbili tu za namna hiyo, na kiwanda kilikuwa hakijawahi kuachilia hata moja.

Gari ya zamani inapanda bei ikiwa ziko chache, ikiwa watu wenye feza waliitamani wakiwa vijana, na ikiwa haikuguswa. Hilo la mwisho linaumiza. Kwa mnunuzi wa Goma, gari yenye ilibadilishiwa moteri na bwati, na ikatembea, ni gari nzuri. Kwa mnunuzi wa Marekani, GT-R yenye ilibadilishiwa moteri imeshapoteza sehemu ya bei yake, hata kama inakimbia kupita mbele.

Namna ya kujua ya kweli

Udanganyifu mwingi unakuwa kati ya ndugu wawili wa jina moja. Skyline GT-T ya kizazi cha R34 ina moteri ya lita 2.5 na turbo moja, na inasukuma nyuma tu. Mtu akiwekea kapo, mabawa ya pembeni na alama za GT-R, kwa macho zinafanana. Lakini namba ya shasi haifanani: GT-R inaanza na BNR34, GT-T inaanza na ER34. Kwa vizazi vya mbele ni BNR32 na BCNR33. Ukikuta HCR32 ao ECR33, si GT-R. Jambo lingine la haraka: hakuna GT-R hata moja ya R32, R33 ao R34 yenye ilitoka kiwanda na bwati ya otomatiki. Ukiingia ndani ukakosa ambreyaji, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Kwa Toyota, neno lenye linadanganya ni 2JZ. Moteri ya Supra yenye inasifiwa ni 2JZ-GTE, yenye turbo mbili, na ilifungwa pia ndani ya Aristo zingine. Lakini Mark II na Crown nyingi zilipewa 2JZ-GE, bila turbo. Ni moteri nguvu, mekanisiye anaipenda na ana haki, ila si ile. Muuzaji mwenye anasema gari yake ina moteri ya Supra anaweza kuwa anasema nusu ya kweli, na nusu hiyo haina bei ya ile nzima.

Karatasi ya mnada wa Japani inasaidia pia, kwa gari yoyote, hata Noah ya kubeba watu. Alama ya R ao RA maana yake gari ilishagongwa na kutengenezwa. Mnunuzi aombe karatasi hiyo mbele ya kulipa na alinganishe kilometa zenye zimeandikwa na zile ziko kwenye dashibodi.

Gharama zenye hazisemwi

Bei kubwa za minada zinaficha kitu. Gari yenye imelala miaka 15 inakula: mahali pakavu pa kuiweka, bima, mikanda na mipira yenye inakauka hata isipotembea, kutu yenye inakula karosri ya R32 upande wa nyuma. Nissan walianza tena kutengeneza pyesi za R32 mwisho wa mwaka wa 2017, na Toyota za Supra tangu 2020. Ni msaada, lakini pyesi hizo zina bei ya kitu chenye kinatengenezwa kidogo. Toa gharama zote hizo juu ya faida, utaona kwamba watu wengi walikuwa wanalipia furaha, na walioanza kununua mwaka wa 2022, wakati soko lilikuwa moto sana, wengine waliuzisha kwa hasara.

Kwa sasa macho ya wafanyabiashara yako kwenye kalenda. R34 za mwisho zilitoka kiwanda mwezi wa 8 mwaka wa 2002, na kati yao ziko zile za Nür. Zitafikisha miaka 25 mwezi wa 8 mwaka wa 2027.