Jani Lililoingia Katika Ganda la Konokono

Mwaka 1977, ufukweni Minnamurra nchini Australia, daktari Graeme Clark aliketi akichomeka majani ndani ya ganda la konokono wa baharini. Jani lenye ncha laini na shina gumu ndilo lililozunguka hadi ndani. Hapo akapata jibu la swali lililomsumbua kwa muda mrefu: waya wa kifaa cha kumwezesha kiziwi kusikia upiteje katika sikio la ndani, ambalo nalo limejipinda kama konokono?

Ukiziwi aliujua tangu nyumbani. Baba yake, mfamasia mjini Camden, alikuwa hasikii vizuri, hata wateja wakalazimika kutaja haja zao kwa sauti kubwa, mtoto akisikia yote kwa aibu.

Clark hakuwa wa kwanza kujaribu kumfanya kiziwi asikie kwa umeme. Mjini Paris, mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walipitisha umeme kwenye mshipa wa fahamu wa kiziwi, naye akasikia sauti, ingawa kifaa hakikudumu. William House akafuata Los Angeles mwaka 1961. Kifaa chake kilichoenea baadaye kilikuwa na njia moja tu ya umeme: mtu alisikia mlio, lakini maneno mengi yalimpita. Tarehe 1 Agosti 1978, Clark alimpandikizia Rod Saunders kifaa chenye njia nyingi.

Dawa nazo zimeacha alama katika sikio la ndani, nyingine za kusikitisha. Streptomisini, iliyogunduliwa miaka ya 1940, iliokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, wakiwemo wa Afrika Mashariki, lakini iliweza kuua seli zake, za kusawazisha mwili na za kusikia. Kwa binadamu, seli za kusikia zikifa hazioti tena.

Na waya wa kifaa wenyewe hujeruhi. Ukiingia, mwili hujibu kwa uvimbe na makovu, na mgonjwa huweza kupoteza hata usikivu mdogo aliobakiwa nao. Vidonge havifui dafu, kwani kuta za mishipa ya damu ya sikio huzuia dawa nyingi. Ndiyo maana watafiti wa Melbourne na Hannover wamejaribu kupitisha deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye utando mwembamba wa sikio la ndani, au kuichanganya na silikoni ya waya ichuruzike polepole baada ya upasuaji.

Mtoto anayepandikizwa kifaa katika hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania, ambako upasuaji huu ulianza mwaka 2017, ataishi na waya huo kwa miongo mingi. Kila seli inayonusurika siku ya upasuaji ni akiba yake kwa tiba ambayo bado iko maabara.