Ndovu walikuwa na mtandao kabla yetu

Leo tuweke kando programu kidogo, tuzungumze wanyama. Msikimbie! Maswali ni yale yale ya kazi yetu: nani anatuma ujumbe, unafika umbali gani, na anayeupokea anajuaje kwamba ni wake. Tena sehemu kubwa ya historia hii ilifanyika hapa hapa Kenya, kule Amboseli.

Tuanze na tumbili. Mwaka 1967 Thomas Struhsaker alichapisha utafiti wa Amboseli ulioonyesha kwamba tumbili wana vilio tofauti kwa maadui tofauti. Lakini je, ni ujumbe au ni woga tu? Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakaficha spika porini, wakapiga vilio vilivyorekodiwa bila adui yeyote kuwepo. Kilio cha chui kiliwapandisha mitini. Cha tai kiliwafanya watazame juu au wakimbilie vichakani. Cha nyoka, wakaangalia chini. Matokeo yalitoka mwaka 1980. Yaani habari ilikuwa ndani ya sauti yenyewe.

Sasa ndovu. Cynthia Moss alianza kuwafuatilia wa Amboseli mwaka 1972, familia moja moja. Ndovu hutawanyika: majike na watoto wao huongozwa na jike mzee, madume wakubwa huenda zao, na familia huachana kisha zikakutana tena. Wanawasilianaje wakiwa mbali?

Mwaka 1984 Katy Payne, aliyekuwa amechunguza sauti za nyangumi, alisimama karibu na ndovu katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa ikitetema bila kusikia kitu. Mtu wa Eastlands hahitaji maelezo marefu. Matatu ikipita Jogoo Road na besi imefunguliwa, kifua hujua kabla ya sikio. Tofauti ni kwamba mngurumo wa ndovu unaweza kushuka chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, pale sikio la binadamu linapokomea. Baadaye Payne alishirikiana na Joyce Poole Amboseli, wakarekodi miungurumo hiyo porini. Sauti nzito hainyonywi upesi na hewa na miti, kwa hiyo husafiri kilomita kadhaa.

Lakini kusikia ni jambo moja, kumtambua anayeita ni jingine. Mwaka 2000 Karen McComb na wenzake walionyesha kwamba jike mzima wa Amboseli anaweza kutambua miito ya majike wengine wapatao 100. Mwaka 2001 wakaonyesha jambo zito zaidi: familia inayoongozwa na jike mzee hutofautisha vizuri zaidi rafiki na mgeni kuliko ile yenye kiongozi kijana. Kumbukumbu ya familia imewekwa kwenye kichwa kimoja. Ni seva isiyo na bakapu.

Hapo ndipo ujangili unapouma mara mbili. Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi, walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Jangili hutafuta pembe kubwa, na pembe huendelea kukua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo wazee ndio waliotangulia kuuawa, wakaondoka na anwani zote. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Idadi inaweza kupanda tena, lakini alichokijua bibi wa miaka 50 hakizaliwi pamoja na mtoto.

Sisi watu wa kompyuta tumeingia baadaye. Kule Ol Pejeta, dume aitwaye Kimani alivishwa kola yenye laini ya simu. Akivuka mpaka uliochorwa kwenye ramani kuelekea mashambani, kola ilituma SMS, askari wakaenda kumrudisha. Halafu mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walipitisha miungurumo 469 ya Amboseli na Samburu kwenye programu inayojifunza yenyewe. Programu ilimtambua aliyeitwa kwa asilimia 27.5, wakati kubahatisha kungefikisha asilimia 8 hivi. Ndovu waliopigiwa mwito uliowahusu waliitikia upesi zaidi kuliko walipopigiwa wa mwingine. Inaelekea wanaitana kwa kitu kinachofanana na jina.

Nao wanatusikiliza. Utafiti wa Amboseli wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndovu hutofautisha sauti ya Mmasai na ya Mkamba, ya mwanamume na ya mwanamke au mtoto, na huogopa zaidi sauti ya mwanamume wa Kimasai, ambaye huenda akawa na mkuki.

Basi tukipanga barabara, reli na uzio, tusiulize tu ndovu wangapi wamebaki. Tuulize pia kama bado wanafikiana. Mtandao uliokatwa katikati unaweza kuwa na mashine zote na bado usifanye kazi.

Haya, mnaonaje? Tuonane wiki ijayo.