Kuosha mawe: ufundi wa maji na mikono

Tukitaja mila za Kasongo na Kabambare, tunakumbuka ngoma na ndoa. Kuosha mawe tunakusahau, kumbe ni ufundi uliolisha nyumba nyingi.

Siri yake ni uzito. Kasiterite ni nzito karibu mara 7 kuliko maji, dhahabu safi mara 19, lakini mchanga mweupe haufiki mara 3. Ukizungusha karai mtoni, maji yanabeba kile chepesi, kile kizito kinabaki chini. Jiwe gumu linatwangwa kwanza mpaka liwe unga, ndipo linapitishwa kwenye mfereji wa mbao uliotandikwa blanketi. Mchanga mweusi wa chuma unaondolewa kwa sumaku.

Sosiete zilikuja, zikaenda. Symétain ilianza mwaka 1932, SOMINKI mwaka 1976. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, kazi nyingi ikabaki kwa wachimbaji wa mkono. Kule Namoya, Kabambare, Banro ilijenga kiwanda cha dhahabu miaka ya 2010, kikatumia sianidi badala ya karai. Mwaka 2019 kazi ikasimamishwa kwa ukosefu wa usalama. Karai haikusimama.

Lakini tusisifu tu. Wamama wanaotwanga na kuosha mara nyingi wanapata sehemu ndogo, tena zebaki ya kukusanyia dhahabu inashikwa kwa mikono mitupu, mabaki yake yanaingia mto ule ule tunaokunywa. Tukiuhifadhi ufundi huu, tuhifadhi kwanza afya na haki ya wanaoufanya.