Bukavu: Ziwa la Wote, Ufuko wa Wachache

Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, mto ni wa yeyote anayefika na ndoo yake. Anayesafiri kutoka huko kwa barabara ya taifa namba 5 hupita Luvungi na Kamanyola, akaupanda mlima wa Ngomo hadi Nyangezi, kisha akaingia Bukavu. Hapo maji huyaona mengi kuliko yote aliyoyaacha nyuma: ziwa Kivu, likimetameta chini ya vilima. Kuliona ni rahisi. Kulifikia ni shughuli nyingine kabisa, na sababu zake ni za zamani.

Wabelgiji walikita kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1927 wakakiita Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, aliyekuwa makamu wa gavana mkuu. Mahali palikuwa pa kutamanika. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460, hewa ni ya baridi, na nchi kavu inaingia majini kwa rasi tano, kama vidole vya mkono. Kwenye rasi hizo, Muhumba, Nyalukemba, Labotte na wenzake, walowezi walijenga nyumba zenye bustani zilizoshuka hadi majini. Waafrika waliowajengea na kuwapikia walipangiwa kulala kwingine: kwenye kilima cha Kadutu na, baadaye, Bagira. Serikali ya kikoloni ilitetea utengano huu kwa hoja ya afya, katika miji yote ya Kongo. Hoja hiyo siikubali. Mpishi aliyeshinda jikoni mwa mzungu mchana kutwa hakugeuka kuwa ugonjwa jua lilipotua.

Uhuru wa 1960 ulivunja ubaguzi wa rangi kwenye sheria, lakini haukuugusa ufuko. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji aliyemwasi Rais Mobutu, waliuteka mji kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, na vita hivyo vikawafukuza Wazungu wengi waliokuwa wamebaki. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kuwa mali za wageni ni za Wazairi, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na waliozipata walikuwa watu wa karibu na utawala. Vita vya kuanzia 1996 vilileta wapangaji wapya, yakiwemo mashirika ya misaada. Nyumba zilibadilisha wenyewe kila mara. Kila aliyepokea ufunguo alipokea na ukuta, na wengi waliuongeza urefu. Huu ndio uzi ninaouona katika historia ya Bukavu: watawala waligombania ufuko, wala hakuna aliyeufungua.

Vita hivyo vya tangu 1996 viliwasukuma mjini wakulima wa maeneo ya Kabare, Walungu, Kalehe na Shabunda. Wakajibana pale palipobaki, kwenye miteremko, na hapa mambo yanatisha. Sehemu ya mji iitwayo Funu imekaa juu ya poromoko kubwa la ardhi linalosogea polepole. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wa picha za angani za miaka 70: poromoko lina ukubwa wa kilomita za mraba 1.5 hivi, linakaliwa na makumi ya maelfu ya watu, na ujenzi wenyewe umeliongezea mwendo. Maji yasiyo na mifereji yanazama ardhini na kuilegeza. Kwa hiyo maskini wa Bukavu wanasumbuliwa na maji yasiyotakiwa chini ya nyumba zao, huku yale wanayoyahitaji yakichelewa kufika bombani.

Maji ya Regideso, shirika la maji la dola, hutegemea sana mto Murhundu, ulioko Kabare, na mtambo wake ulikusudiwa mji mdogo kuliko huu. Bomba likikauka, watoto hushika bidoni na kuteremka ziwani, kwenye vijia vichache visivyo na lango. Wanachota karibu na pale mto Kawa unapomwaga taka za vilima, na kipindupindu kimeuzoea mji. Plastiki zilizo kwenye taka hizo husafiri na mkondo hadi bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, zikaziba mitambo. Hapo taa huzimika Kadutu, na Muhumba pia.

Watu wa kawaida wana sehemu moja ya ziwa wanayoitawala kwa jasho lao: Beach Muhanzi. Mitumbwi hushusha magunia, akina mama huyabeba kwa kamba iliyokazwa kwenye paji la uso, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, huuzwa wakiwa wabichi. Ni ufuko wa kazi. Pa kukaa tu na watoto Jumapili, chini ya mti, bila kulipa kinywaji cha hoteli, ni adimu.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema wazi katika kifungu cha 16 kwamba sakafu ya kila ziwa ni mali ya umma ya dola, na kifungu cha 55 kinakataza ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma kumilikishwa watu, maadamu haijaondolewa rasmi kwenye matumizi hayo. Tangu Februari 2025 mji umeshikwa na waasi wa M23, na katika historia ya Bukavu majira ya watawala wapya ndiyo majira ya hati mpya. Yeyote anayeketi ofisini leo aifungue ramani ya zamani mbele ya wakazi wa Kadutu na Bagira, aonyeshe kila kiwanja kinachogusa maji, kilitolewa lini na kwa sahihi ya nani, na njia zipi za kuteremka ziwani zilizibwa.