Ustawi wa Wanyama Katika Sheria ya Kenya

Mbuzi wa Soweto West, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, hushinda wakichakura maganda kwenye majaa. Anayewachapa mbuzi hao kwa ukatili huvunja Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mkesha wa uhuru. Kumtesa mnyama, kumbebesha mzigo unaomzidi nguvu, kumsafirisha kwa namna inayomwumiza pasipo sababu: yote ni makosa. Lori la ng'ombe linaloingia machinjioni Dagoretti, kilomita chache kutoka Kawangware, linabanwa na sheria hiyo sawa na mkokoteni wa punda.

Udhaifu uko kwenye adhabu. Sheria iliweka faini isiyozidi shilingi 3,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Fedha hizo leo hazinunui mbuzi. Katiba ya 2010 nayo iliikabidhi kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, kwa hiyo Nairobi haiwezi kusema ni shauri la wizara.

Punda ndiye aliyeonyesha sheria inapofika kikomo. Kuanzia 2016 machinjio yenye leseni, likiwemo la Naivasha, yalichinja punda kwa ajili ya soko la China, ambako ngozi huchemshwa ikatoka ejiao, dawa ya asili. Utafiti wa shirika la serikali la KALRO ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hakuna kundi linaloweza kufidia kasi hiyo. Wizi ukashamiri, na wachuuzi wa maji wakaamka wakikuta kamba tupu. Wahenga walimlaumu punda kwa mateke. Hapa asiye na shukrani ni mwingine.

Waziri Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji huo 2020. Mahakama Kuu ikaifuta amri yake 2021. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kusafirisha wanyama wakiwa hai ni suala jingine. Uingereza ilipitisha sheria 2024 ya kuzuia mifugo kupelekwa ng'ambo kuchinjwa au kunoneshwa. Kenya haijafika huko: ng'ombe wake wamewahi kupakiwa melini Mombasa kwenda Mauritius.