Chang'aa: Ilipopigwa Marufuku na Iliporuhusiwa

 

Tumesikia watu wakibishana kama bangi iruhusiwe au la. Mwaka 2021 jamii ya Rastafari ilikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba iruhusiwe, na katika uchaguzi wa 2022 mgombea urais George Wajackoyah aliahidi kuihalalisha. Kabla hatujabishana, tutazame kileo ambacho nchi yetu ilikipiga marufuku, kisha ikakiruhusu. Kileo hicho ni chang'aa.

Hapa Kericho na Bomet pombe si jambo geni. Wazee wa Kipsigis walikunywa maiywek, pombe ya wimbi, wakizunguka chungu na kuivuta kwa mirija mirefu. Lakini ilikuwa na miiko. Ilikuwa ya wazee na ya sherehe, kijana hakukaribishwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, ila majirani wote waliilinda.

Kuanzia miaka ya 1920 makampuni yalipanda chai Kericho. Watu wakaja kutoka pande nyingi, wakaishi katika laini za kampuni na kulipwa mshahara. Pombe nayo ikawa bidhaa. Mwenye shilingi alikunywa, awe mzee awe kijana.

Chang'aa ni kali kuliko busaa kwa sababu hupatikana kwa kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku kabisa. Je, ilikwisha? Haikwisha. Ilihamia kando ya mito na vichakani, ikapikwa usiku. Wapishi wengi walikuwa akina mama, wengine wajane, waliotafuta karo ya shule. Walikamatwa, wakatozwa faini, wakarudi kupika ili wailipe hiyo faini.

Kwa kuwa ilikuwa ya siri, hakuna aliyeipima. Wauzaji wengine walianza kuongeza methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha macho na kuua. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa mtaani Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Mwaka 2005 wengine zaidi ya 40 walikufa Machakos.

Ndipo mwaka 2010 ikaja sheria ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Iliiondoa marufuku ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa, mradi itengenezwe kwa leseni, ipimwe na ifungwe vizuri. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe, na baa isiwe karibu na shule.

Nia ilikuwa njema. Lakini mama anayepika kwa sufuria angetoa wapi pesa za mitambo na leseni? Alibaki mafichoni. Wakati huohuo pombe kali za bei ya chini zilijaa madukani. Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 wengine zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga.

Mama, historia hii inatufundisha mambo mawili. Kukataza bila kumpa mpishi njia nyingine ya kulisha watoto hakukuimaliza chang'aa. Kuruhusu bila ukaguzi wa kweli hakukuwalinda watu wetu. Kwa hiyo mtu akikuambia bangi ihalalishwe, muulize: nani atakagua? Nani atamzuia mtoto wangu asiuziwe? Aliyeshikwa na uraibu atatibiwa wapi, na kwa pesa za nani? Anayesema marufuku inatosha naye muulize kwa nini chang'aa haikukoma kwa miaka 30. Bangi bado imekatazwa na sheria ya 1994, na ubongo wa kijana ungali unakua. Bangi huweza kuharibu kumbukumbu, masomo na akili.

Nyumbani tuanze na haya:

1. Siku ya mshahara au ya bonasi ya chai, kaeni pamoja mpange chakula, karo na matibabu kabla pesa hazijatoka nyumbani.

2. Mtoto asitumwe kununua pombe wala kuionja.

3. Mama mjamzito asinywe pombe hata kidogo. Hakuna kiasi kilicho salama kwa mtoto tumboni.

4. Mtu akinywa kisha aone ukungu machoni, atapike au aumwe sana na kichwa au tumbo, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje alale iishe.

5. Leseni za pombe sasa hutolewa na kaunti. Baa ikiwa karibu na shule, kina mama semeni kwa pamoja katika baraza la chifu.

Wazee wetu walijua kwamba pombe bila mlinzi huvunja boma. Mlinzi wa leo ni mimi na wewe. Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.